Pembe ya Mtoto

Katika chumba kimoja cha kupanga huko Kansanga, karibu na barabara iendayo Ggaba, mke wa askari mmoja alikuwa na mtoto wa miaka miwili na kapu lililofurika vitu vya kuchezea. Mumewe, kila ajapo likizo, huongeza kingine, kana kwamba analipa deni la siku asizokuwapo. Mtoto huvimwaga vyote, akashika hiki na kutupa kile, kisha akachoka navyo na kuifuata sigiri.

Siku alipodakwa hatua moja tu kabla ya makaa, mama alikata shauri. Sigiri aliihamishia barazani, pasipofikiwa na mtoto. Ndani alitandika mkeka pembeni, akalaza kasha la mbao liwe rafu fupi, na juu yake akapanga vitu vinne tu: mpira wa majani makavu ya mgomba, mwanasesere wa kitambaa, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, na kikombe cha bati. Vilivyobaki alivifungia, awe akivibadilisha kila Jumamosi.

Hakukosea. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa vitu 4 walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu kuliko walipopewa 16.

Askari aliporudi tena, begi lake halikuwa na zawadi. Mkewe alimwomba ajilete mwenyewe. Alivua buti, akaketi mkekani, akauviringisha ule mpira. Mtoto aliurudisha, wala hakutazama kitu kingine mpaka magharibi.