Amana ya Kidonge



Mwaka juzi kaka yangu mkubwa, anayeishi Ubelgiji, alitupigia simu hapa Buyenzi, Bujumbura. Saratani yake ya damu, lukemia sugu ya mieloidi, ilikuwa haisikii dawa tena. Daktari alimwomba aingie katika majaribio ya dawa mpya. Mama alilia, "Mwanangu si panya wa kujaribiwa!"

Nikaanza kusoma. Mwaka 1998 daktari Brian Druker wa Oregon, Marekani, alianza kuwajaribu wagonjwa wa maradhi haya kwa kidonge ambacho baadaye kiliitwa Glivec. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 hesabu ya damu yao ilirudi kawaida. Mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo. Ndiyo iliyompa kaka miaka kadhaa ya uhai, kwa sababu wengine walikubali kutangulia. Nilimweleza mama hayo, pamoja na haki ya mgonjwa: halazimishwi, na anaweza kujitoa wakati wowote. Akanyamaza. Kaka akaswali istikhara, akatia saini.

Ikaja Ramadhani. Dawa ilikuwa ya saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Kaka akafunga, akaacha ya asubuhi, lakini katika daftari la majaribio akaandika kwamba amemeza. Siku ya kumi alinieleza kwa aibu.

"Samahani kaka, mimi ni mdogo kwako," nilimwambia. "Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula. Na daftari lile ni ushahidi. Ukiandika uongo, dawa nzuri itaonekana mbovu, na mgonjwa mwingine atakosa tiba."

Kesho yake alikwenda kumwambia muuguzi ukweli. Hakukemewa. Waliyasahihisha maandishi, naye akaacha kufunga, akatoa fidia. Alisema chakula cha mchana kilimkaba kooni kuliko dawa yenyewe.

Vipimo vyake bado vinapanda na kushuka. Lakini kila alichoandika tangu siku ile ni kweli.

Ndugu zangu, mkiombwa jambo kama hili, ulizeni kila kitu kabla ya kutia saini: madhara, gharama, na tiba nyingine iliyopo. Mkishakubali, semeni kweli. Hiyo ni amana.

Mwombeeni kaka yangu shifaa. Wabillahi tawfiq.