Feruzi tu

Wadau, kuna swali ukiulizwa usingizi unakata. Mimi lilinikuta Kilwa Kisiwani, jua la saa saba mchana, nikiwa nimemsindikiza mgeni kutoka Réunion aliyetaka mtu wa kumtafsiria.

Jamaa ni mwalimu, rika la baba yangu mdogo. Mkobani alikuwa na bahasha ya karatasi alizochapisha kutoka kwenye intaneti: rejesta za vizazi, ndoa na vifo za makoloni ya Ufaransa. Hifadhi ya nyaraka iliyoko Aix-en-Provence imeziweka huko, yeyote anasoma. Alianza na baba yake, akapanda kwa babu, akapanda tena, mpaka 1848. Hapo njia ikakatika.

"Kabla ya hapo hatukuwa na ubini," akaniambia.

Tarehe 20 Desemba 1848 mjumbe wa serikali ya Ufaransa, Sarda Garriga, alitangaza uhuru wa watumwa zaidi ya 60,000 kisiwani humo. Mtumwa alikuwa na jina moja tu. Sasa amekuwa raia, na raia wa Ufaransa lazima awe na ubini. Basi makarani wakakaa mezani kugawa majina. Huyu akapewa la mwezi, yule la mmea, mwingine la mji, mwingine jina lake la zamani likavurugwa herufi. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutoka na ubini tofauti. Na kwa kuwa ndoa za watumwa zilizoandikwa zilikuwa chache, koo nyingi kwenye vitabu hivyo zinaanzia kwa mama.

Wa kwao naye anaanzia kwa mama. Mbele ya jina lake karani aliandika kabila: "Mozambique". Usidanganyike na neno hilo. Walilipachika kwa karibu kila aliyetolewa pwani hii yetu.

Ndiyo maana akaja Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitiliana mkataba na Sultani wa hapa: watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kichwa.

"Sina uhakika kama bibi yetu alitokea hapa," akasema. "Lakini lazima nianzie mahali."

Nikamwuliza kama hajawahi kufikiria kuutupa ubini wa karani. Akasema tangu 2022 sheria ya kwao imemrahisishia mtu mzima kuchukua ubini wa mzazi mwingine, ila yeye hataki. "Karani aliuandika, lakini bibi ndiye aliyeubeba."

Kisha akanigeukia: "Na wewe, ubini wako unatoka wapi?"

Nikamweleza utaratibu wetu kwa mbwembwe: jina langu, la baba, la babu. Mwanangu atabeba langu, la babu litaanguka. Akacheka. "Kwa hiyo kila kizazi mnamwacha mtu mmoja njiani?"

Nikanyamaza. Jioni nikampigia bibi, yuko Lindi.

"Bibi, hivi babu yake babu aliitwa nani?"

"Feruzi."

"Feruzi bin nani?"

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Feruzi tu. Achana na hayo, mjukuu wangu."

Aliyekulia pwani anajua. Feruzi, Mabruki, Almasi: mara nyingi yalikuwa majina ya kupewa na bwana. Na utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria 1922 tu, juzi juzi hapo. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwabana waheshimiwa kwa maswali nilishindwa kuuliza la pili. Nikaaga, nikakata.

Mgeni wangu ana karatasi, bibi hana. Mimi nina bibi, yeye hana. Mwisho wa mwezi naenda Lindi na kilo mbili za sukari na daftari. Nitakaa jikoni, sitaharakisha. Bibi akikataa kusema, nitaandika alichokwisha kusema: Feruzi.

Na wewe mdau, babu yake babu yako aliitwa nani? Kama hujui, piga simu leo.