Niliposema Ni Gobore

Risasi iliyomuua mbuzi wa jirani yangu ilitoka kwenye bastola yangu. Nalitanguliza hilo kabla ya maelezo yoyote, kwa sababu kila nilipojaribu kulisema huko nyuma nilianza na maelezo na sikuwahi kuifikia risasi yenyewe. Kijana aliyelipishwa mbuzi yule hakuwa na hatia. Mimi nilikuwa kwenye kikao kilichomlipisha, nimekaa mbele pamoja na wazee, na ukweli wote nilikuwa nao.

Shamba langu liko Upare ya kusini, upande wa milima ya Same unaotazama nyika ya Mkomazi. Watu wa mbali wakisikia wanyama waharibifu wa Same humfikiria tembo, na hawakosei. Huko chini, Kisiwani na vijiji vingine vilivyo kando ya hifadhi, tembo akiingia kwenye mahindi usiku mmoja, mwaka mzima wa mkulima umekwisha. Kwa hasara ya namna hiyo serikali iliweka kanuni za kifuta jasho mwaka 2011. Mimi wa mlimani adui yangu alikuwa pimbi, na hasara ya pimbi hubebwa na mwenye shamba.

Pimbi ni mnyama wa kilo mbili hadi tano, manyoya ya kahawia, mkia hauonekani. Wanaishi kwa makundi ndani ya nyufa za miamba. Asubuhi hutoka kuota jua juu ya jiwe, na mwili ukishapata joto hushuka kula. Mmoja hubaki juu akilinda, na akiona tai au mbwa hupiga yowe, wote wakatoweka kabla hujainama kuokota jiwe. Juu ya shamba langu kuna mwamba mkubwa uliopasuka pasuka, na chini ya mwamba huo ndipo nilipokuwa nikipanda maharage, kwa sababu udongo wa pale ni mzuri na maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, yanafika. Maharage yakishatoa majani machache, pimbi walishuka wakayala hadi kwenye shina. Nilipanda tena, wakala tena. Mke wangu alisema tupande kitu kingine pale. Nilimwambia shamba ni letu, siyo la pimbi.

Bastola nilikuwa nayo kwa sababu nyingine kabisa. Nilikuwa nanunua tangawizi kwa wakulima wa Mamba Miamba na vijiji vya jirani, na wakati ule fedha nilizibeba mkononi, milioni kadhaa kwa safari, kwenye njia zenye misitu na kona nyingi. Niliomba leseni kwa sababu ya kujilinda. Ombi lilianzia serikali ya kijiji, likapita kata, likaenda wilayani na kupanda juu, na kila ofisi iliniuliza nataka silaha ya nini. Kila mahali nilijibu kujilinda, na nilikuwa nasema kweli. Watu wa kijiji changu wanaijua safari hiyo ya makaratasi. Mtu akirudi na leseni wanajua kwamba amechunguzwa na ameonekana ni mtu mwema. Ukweli huo ndio uliokuja kumponza mwenzangu.

Wazo la kuwapiga pimbi kwa bastola nililipata kwenye simu. Mwanangu mmoja alinionyesha video za wakulima wa Marekani wanaowinda mnyama anayeitwa woodchuck, mgugunaji mkubwa wa kule anayechimba mashimo mashambani na kula soya na mboga. Ukubwa wake ni kama wa pimbi. Mashimo yake huvunja miguu ya ng'ombe na farasi na kuharibu matrekta, kwa hiyo wenye mashamba huwakaribisha wawindaji waje wawapunguze. Wapo wanaotumia bastola. Nilizitazama video zile jioni nyingi. Sikuzingatia kwamba bastola zao ni ndefu, zina darubini, na mtu hulala chini akaegemeza mtutu juu ya mfuko wa mchanga. Kubwa zaidi sikuzingatia wanapigia wapi. Woodchuck husimama mdomoni mwa shimo lake, kwenye kifusi cha udongo, na nyuma yake kuna shamba tupu la ekari nyingi. Risasi ikikosa inazama kwenye udongo. Pimbi wangu alikuwa juu ya jiwe, na huku kwetu milimani hakuna shamba ambalo chini yake hakuna nyumba ya mtu.

Nilianza wakati wa vuli. Nilikwenda alfajiri, nikajibanza kwenye tuta, nikasubiri wapate jua. Bastola ya milimita tisa yenye mtutu mfupi haikutengenezwa kwa kazi ile. Hatua ishirini au thelathini, juu ya kitu kidogo kinachocheza, mkono wa mfanyabiashara wa tangawizi hauna uhakika wowote. Nilijeruhi wengi kuliko niliowaua. Aliyejeruhiwa alijivuta ndani ya ufa ambako mkono wangu haukufika, na siku zilizofuata harufu ilitoka kwenye mwamba hadi kwa watu wanaopalilia. Mwanangu mdogo aliniuliza ni nini kinachonuka. Nilimwambia panya wamekufa. Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hili, na nilimwambia mtoto.

Wanyamapori wa nchi hii ni mali ya umma, hata wakiwa ndani ya shamba lako. Sheria ya mwaka 2009 inasema hivyo na mimi nililijua hilo, kwa kuwa nimekaa kwenye mikutano ambako afisa wanyamapori wa wilaya alilieleza kwa lugha nyepesi kabisa. Mlango wa kupeleka malalamiko ulikuwepo. Sikuupitia kwa sababu nilijua nitaulizwa swali moja ambalo sikutaka kulijibu: silaha ya kujilinda inafanya nini kwenye maharage?

Asubuhi ya mbuzi ilikuwa kama nyingine. Pimbi dume alikuwa ukingoni mwa jiwe. Nilifyatua, nikaona vumbi la jiwe likiruka kando yake, na nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia, mwembamba, unaoondoka. Risasi iligonga mwamba ikachepuka kuelekea bondeni. Risasi ya milimita tisa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kabla haijaanguka, na ikishagonga jiwe hakuna anayejua inakoelekea. Nilisimama nikasikiliza. Sikusikia mtu akilia, nikajiambia imepotea hewani. Niliokota ganda, nikaenda nyumbani kunywa chai.

Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye kigingi chini ya ndiva, kama mita mia tatu kutoka kwangu. Alikuwa mbuzi wa maziwa wa mama mjane, naye maziwa yale alikuwa akiwapa wajukuu aliowalea baada ya mama yao kufariki. Alipomkuta amelala na damu ubavuni alipiga kelele, na majirani wakakusanyika. Mimi pia nilishuka. Nilifika nikaliona tundu, dogo na la mviringo, na nikajua papo hapo.

Hapo ndipo ningesema. Mama yule alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, na mbuzi angeweza kulipwa siku ileile. Sikusema, nikajitetea moyoni kwamba nitamwona jioni faraghani.

Kabla ya jioni jina la mtu lilikuwa limekwisha kutajwa. Kijijini kwetu kulikuwa na kijana ambaye marehemu baba yake alikuwa na gobore, na watu walisema gobore lile halikusalimishwa, limefichwa. Yeye mwenyewe aliishi kwa vibarua, na alijulikana kutega digidigi na kanga huko chini nyikani. Mgambo walikwenda kwake wakapekua. Gobore hawakulipata. Walipata nyaya za mitego chini ya kitanda, na kwa watu waliokwisha kukasirika nyaya zilitosha.

Kikao kilikaa chini ya mti, mbele ya ofisi ya kijiji. Kijana alisema: "Wazee wangu, nyaya ni zangu, sikatai. Bunduki sina, na mbuzi wa mama sikumuua." Akaombwa aseme asubuhi ile alikuwa wapi. Alikuwa porini kwenye mitego yake, peke yake. Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi. Aliuliza kwa heshima: "Mzee, wewe katika sisi ndiye mwenye silaha ya halali na umefundishwa. Jeraha lile umeliona. Ni la silaha gani?"

Nilijua jibu. Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomoni na hubeba vipande vya chuma au gololi. Kwa karibu linachana nyama vibaya, na kwa mbali linatawanya. Jeraha lile lilikuwa la risasi ya kiwandani. Ningeweza hata kukaa kimya, nikasema sina uhakika, na kesi ingekosa mguu wa kusimamia.

Nikasema, "Ni gobore."

Neno langu halikupingwa na mtu hata mmoja. Kijana alinitazama. Ananiita baba mdogo, kwa sababu baba yake na mimi tulikuwa rika moja na tulichimba mfereji mmoja katika msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Hakusema kitu. Nadhani alidhani nimekosea kwa nia njema, na hiyo heshima aliyonipa siku ile ndiyo inayoniumiza kuliko hasira yake ya baadaye. Aliamriwa kulipa mbuzi na faini. Aliuza mahindi yote aliyovuna na mabati aliyokuwa ameyanunua kwa ajili ya nyumba yake. Msimu uliofuata hakuna aliyempa kibarua. Akashuka Same, akapanda basi la Dar es Salaam, na mama yake akabaki peke yake.

Niliacha kuwapiga pimbi baada ya kikao kile. Hawakupungua. Kundi lilijaza nafasi za waliokufa, na msimu uliofuata walikuwa walewale juu ya jiwe lilelile. Nilipokubali hatimaye kumsikiliza mke wangu, tuliyahamisha maharage upande wa pili wa shamba, tukafyeka kichaka kilichokuwa kinawaficha njiani, tukafunga mbwa katikati. Pimbi hapendi kwenda mbali na mwamba wake. Akishaona hana pa kukimbilia karibu, anarudi. Mavuno yetu ya maharage yalirudi kuwa ya kawaida. Dawa ya tatizo langu ilikuwa imesemwa jikoni kwangu kabla sijanunua hata risasi moja kwa ajili yake.

Miaka ilipita hivyo. Nilimsaidia mama mjane mara kwa mara, sukari, ada ya mjukuu, na alinishukuru mbele za watu. Kila shukrani yake ilinifunga mdomo zaidi. Kilichonifungua ni mama wa yule kijana. Aliugua, na mimi nilikuwa miongoni mwa majirani waliombeba kwa machela hadi barabarani. Njiani aliniomba, kwa kuwa naheshimika, nikiombe kijiji kimsamehe mwanawe ili aweze kurudi kumuuguza. Aliniomba msamaha kwa kosa langu.

Nilikwenda kwanza kwa mjane. Nilimwamkia, nikakaa, nikasema: "Mama, mbuzi wako nilimuua mimi, kwa bastola, nikiwinda pimbi." Alikaa muda mrefu. Akauliza, "Na yule mtoto wa watu?" Nikamwambia hakuhusika, na kwamba nilijua. Alisema, "Mbuzi nimeshalipwa. Mimi hunidai wala sikudai. Nenda kwa aliyelipa." Tangu siku hiyo hajapokea sukari kutoka kwangu.

Kisha nilishuka wilayani, nikaikabidhi bastola na leseni kituo cha polisi, nikaeleza nilivyoitumia. Maelezo yangu yaliandikwa, nami nikatia sahihi. Yatakayofuata huko ni haki yao kuamua, na nitaitika nikiitwa.

Kijana nilimpigia simu. Nilimweleza yote bila neno la kujitetea. Aliponyamaza nilidhani laini imekatika. Akasema: "Baba mdogo, siku ile ulijua?" Nikasema nilijua. Akauliza tena, polepole, "Ulijua, ukasema gobore?" Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Alisema fedha anazitaka, zote, kwa bei ya mabati ya leo na si ya wakati ule, na anataka nilitamke mahali pale pale nilipomwangamizia jina, mchana, watu wakiwepo. Kuhusu kurudi nyumbani alisema hilo nisimuulize.

Fedha nimetuma. Niliuza sehemu ya tangawizi ikiwa bado ardhini ili zitimie. Kikao kimekaa, chini ya mti uleule, na nimesema. Baadhi ya wazee waliona nimejidhalilisha bila sababu kwa jambo lililokwisha kuzeeka, na mmoja aliniambia hivyo waziwazi. Mwenyekiti wa sasa, ambaye si yule wa wakati ule, aliomba niandike. Barua inasema kijana hakumuua mbuzi, hakuwa na gobore, na ushahidi wangu juu yake ulikuwa wa uongo niliousema nikijua. Imo kwenye faili la kijiji, ina muhuri wa mtendaji. Nakala moja anayo mama yake. Nyingine nimeipeleka Dar es Salaam kwa basi, kwa sababu aliniambia anaitaka mkononi, aweze kumwonyesha yeyote atakayemuuliza kwa nini aliondoka kwao.