Mizani ni ya Nani?

Katika somo la uraia, swali moja hurudi kila muhula: je, serikali iingilie mambo ya soko, au iwaache wafanyabiashara waendeshe shughuli zao wenyewe? Wanafunzi hujigawa pande mbili upesi, kama mashabiki wa mpira. Kwa upande mmoja serikali ni mzigo. Kwa upande wa pili mfanyabiashara ni mnyonyaji. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa wa wilaya ya Mukono, nchini Uganda, na mambo haya niliyaona shambani kabla ya kuyasoma kitabuni. Shamba lile halikunifundisha kuchagua upande. Lilinifundisha kuuliza ni kazi gani inayotakiwa kufanywa, na ni nani awezaye kuifanya.

Tuanze na maneno matatu. Soko huria ni mfumo ambamo bei hutokana na mapatano ya wauzaji na wanunuzi, si kwa amri ya mkubwa. Ukiritimba ni hali ya chombo kimoja kuishika biashara yote peke yake. Bidhaa ya umma ni kitu ambacho mmoja akikitumia hakimpungukii mwingine, na ambacho ni vigumu kumzuia yeyote asinufaike nacho. Taa ya barabarani ni mfano mzuri. Kwa maneno haya matatu tunaweza kuisimulia habari ya kahawa yetu.

Kwa miaka mingi haki ya kuuza kahawa ya Uganda nchi za nje ilikuwa ya bodi moja ya serikali. Bei ya mkulima ilipangwa na wakubwa. Kahawa ilipopanda bei katika masoko ya dunia, sehemu kubwa ya faida haikumfikia aliyeivuna. Katika miaka ya 1980 shilingi nayo ilikuwa ikiyeyuka: mfumuko wa bei ulipita asilimia 200 kwa mwaka, hata mtu aliyecheleweshewa malipo kwa miezi michache akawa amepoteza sehemu kubwa ya jasho lake. Mwezi Mei 1987 fedha ikabadilishwa. Sifuri mbili zikaondolewa, na asilimia 30 ikakatwa katika ubadilishaji huo. Baba yangu, ambaye hakusoma uchumi, aliona ni heri kuweka magunia ya kiboko ghalani kuliko kuweka noti sandukuni. Wanafunzi wangu hucheka wanaposikia hivyo, kwa kuwa wamejifunza kwamba kiboko ni mnyama wa mtoni au mjeledi. Kwetu, kiboko ni kahawa kavu isiyokobolewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukiritimba ule uliondolewa. Mwaka 1991 iliundwa Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa, ambayo kazi yake ilikuwa kusimamia ubora na kuwapa leseni wauzaji wa nje. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini, wakashindana. Kisha mwaka 1994 baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapanda kwa ghafla, na safari hii mkulima naye akaonja. Katika kijiji chetu nyumba za nyasi ziliezekwa mabati. Mimi na dada yangu tulilipiwa ada ya muhula mzima siku ya kwanza ya kufungua shule. Ndiyo maana sikubali kirahisi ninapoambiwa kwamba soko huria ni adui wa maskini. Lilitulipia ada.

Lakini pamoja na wanunuzi wengi zilikuja mizani nyingi. Msimu mmoja kijana mwenye gari dogo alifika kwetu. Gunia ambalo mama alikuwa amelipima katika duka la jirani likawa kilo 60, kwenye mizani ya kijana likawa 53. Mama hakupandisha sauti. Alimuuliza, “Mwanangu, mizani hii ni ya nani?” Kijana akajibu, “Ni yangu, mama.” Mama akasema, “Basi na kilo ni zako.” Akalifunga gunia lake na kulirudisha ndani.

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya uchumi tangu wakati huo, lakini sijaona pahali palipolisema jambo hili kwa ufupi zaidi. Muuzaji anaweza kumiliki kahawa, na mnunuzi anaweza kumiliki fedha, lakini kilo haiwezi kuwa ya mmoja wao. Ikiwa kipimo ni cha upande mmoja, mapatano huwa ya jina tu, hata kama hakuna aliyeshikiwa fimbo. Mama alikuwa na uwezo wa kukataa kwa kuwa tulikuwa na akiba ya chakula; jirani yetu aliyekuwa na mgonjwa hospitalini aliuza kwa mizani ileile. Nchini Uganda, kukagua mizani za biashara na kuzipiga mhuri ni kazi ya Shirika la Taifa la Viwango. Ni kazi isiyo na sifa wala shangwe, na bila hiyo soko hugeuka kuwa mahali pa kuviziana.

Fedha nayo ni mizani, kwa kuwa kwayo tunapima thamani ya jasho la jana na mahitaji ya kesho. Kwa sababu hiyo Katiba ya mwaka 1995 iliamuru kwamba Benki Kuu ya Uganda isiwe chini ya maelekezo ya mtu yeyote inapotekeleza kazi zake. Waliokumbuka miaka ya 1980 walijua maana ya kifungu hicho.

Sasa nifike kwenye jambo lililotuumiza zaidi. Mwaka 1993, karibu na mpaka wa magharibi, yalionekana maradhi ya mnyauko wa kahawa. Kuvu huziba njia za maji ndani ya mti. Majani hugeuka manjano, hupukutika, na mti hukauka wote. Hakuna dawa ya kuuponya. Kinachobaki ni kuung'oa na kuuchoma palepale. Maradhi yalisambaa mwaka baada ya mwaka, na katika muda wa miaka 10 hivi karibu nusu ya mibuni ya robusta nchini ilikuwa imeangamia. Kwetu baba aling'oa miti aliyoipanda mwaka niliozaliwa. Jirani mmoja, aliyekuwa na miti michache tu, hakuwa na moyo wa kuichoma, na kutoka kwake maradhi yalirudi tena kwetu.

Hapo soko lilinyamaza. Halikunyamaza kwa ubaya. Wanunuzi walihamia wilaya nyingine zenye kahawa, kama ilivyo haki yao. Lakini ni mfanyabiashara yupi angegharimia utafiti wa miaka zaidi ya 10, kisha aone mche alioupata ukikatwa vipandikizi na kugawiwa kijiji kizima bure? Hata Adam Smith, ambaye wengi humtaja kama mtetezi wa soko, aliandika mwaka 1776 kwamba ni wajibu wa dola kuanzisha kazi za umma ambazo faida yake kwa jamii ni kubwa ila hazimlipi mtu mmoja. Watafiti wa umma walioko Kituza, katika wilaya yetu ya Mukono, waliitafuta mibuni iliyosimama katikati ya iliyokufa, wakaichunguza, wakaizalisha. Miche hiyo, ambayo majina yake huanza na herufi KR, ndiyo iliyopo leo katika shamba la baba.

Msinielewe kwamba serikali haikosei. Bodi ile ya zamani ilikuwa ya serikali pia. Mwishoni mwa mwaka 2024 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kuirudisha Mamlaka ya Kahawa ndani ya Wizara ya Kilimo. Serikali ilisema inapunguza gharama na kazi zinazofanywa mara mbili. Waliopinga walihofia kwamba ubora wa kahawa ungeshuka. Wanafunzi wangu waligawanyika tena. Niliwaomba waache kwanza kuuliza ni chama gani kilichosema nini, waulize: nani sasa ataonja kahawa kabla haijasafirishwa, nani ataotesha miche, na mkulima akidhulumiwa atamwendea nani?

Maswali hayo si ya wataalamu peke yao. Mtu anayenunua kipande cha sabuni dukani hulipa ndani ya bei yake kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwetu ni asilimia 18. Mkulima asiye na mshahara huilipa, na mwanafunzi huilipa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la serikali ni letu, na kulisoma ni sehemu ya uraia. Aliyelipia mizani ana haki ya kuikagua.