Ziwa Lisilo na Papa

Vijana wetu wa Watamu na Kisite hupata riziki kwa kuwazamisha wageni wakatazame papa wa miambani. Hubeba mitungi ya hewa mgongoni, wakashuka, wakatulia kando ya matumbawe, na papa akajipitia zake pasi na kumjali mtu. Nilipofika Homa Bay, na baadaye Migori, nilitaka kujua watu wa Ziwa Viktoria huzamia nini.

Papa hawamo, wala hawawezi kufika. Maji ya ziwa hutokea kwa Mto Nile, na maporomoko ya Murchison huko Uganda huifunga njia ya apandaye kutoka baharini. Mkubwa wa humo ni mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, na aweza kufikia kilo 200. Yeye si mwenyeji. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, hata aina nyingi zikatoweka. Papa wetu, pamoja na jina baya alilopewa, hajapata kufanya hivyo.

Kutoka Mbita nilipanda mashua kwenda kisiwa cha Mfangano. Maji ni ya kijani, mazito. Nilitumbukiza mkono na vidole vyangu sikuviona. Ufuoni kuna kichocho, na penye matete kuna kiboko, ambaye wenyeji humwogopa kuliko mamba. Nani atalipa fedha azame humo kwa starehe?

Nilimwuliza nahodha kuhusu wazamiaji. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mzee, hapa mzamiaji huitwa mtu akishazama."

Nikakumbuka MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu. Wazamiaji walitoka hadi Afrika Kusini kuja kuitafuta miili. Nikakumbuka pia MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara mwezi wa Septemba 2018. Siku mbili baadaye, watu wakiwa wamekwisha kata tamaa, wazamiaji walimtoa fundi wa meli akiwa hai tumboni mwa chombo kilichopinduka. Katika giza lile jicho halina kazi, mtu hupapasa. Ujuzi ni uleule wa vijana wetu, wa kupumua kwa utulivu na kuhesabu hewa iliyobaki, ila huku hautafutiwi papa.

Muhuru Bay, katika kaunti ya Migori, nilifika usiku usio na mwezi, ndio msimu wa omena, dagaa wa ziwani. Taa zilitapakaa majini hata nikadhani ni mji wa ng'ambo. Samaki huifuata nuru, na wavu huwangoja chini.

Jioni iliyofuata nilisimama ufuoni mashua zikitoka. Ya kwanza ilikuwa na watu wanne na jaketi moja la kuokolea, nalo lilikuwa limekaliwa kama mto.