Bunduki Ilipata Mtutu Mpya

Bunduki huzeekea ndani. Mbao unaweza kuipaka mafuta na chuma ukakisugua kikang'aa, lakini kila risasi ikipita inaula mtutu kidogo, mpaka ile mifereji iliyojipinda ndani inafutika. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende wima. Ikiisha, risasi inayumba.

Binamu yangu wa Uingereza ana moja ya namna hiyo. Ni Martini, ile ya kufunguliwa kwa mkono wa chuma ulio chini: unausukuma, chumba kinafunguka, unatia risasi moja, unaurudisha. Aliinunua kwa leseni kwa sababu ya babu wa babu yetu, askari wa KAR, jeshi lililoundwa 1902. Askari wake wa mwanzo walibeba Martini. Alinitumia picha kwa WhatsApp akauliza: mtutu umelika, autengeneze au auache?

Mimi wa Makina, Kibera, bunduki naijua kwa hadithi tu. Nikapanda matatu hadi Kawangware kwa fundi anayetengeneza silinda za bodaboda. Kuona picha tu, akarudisha mikono nyuma.

"Dada, hiyo hapa haiingii. Nitafungwa."

Ni kweli, Kenya huwezi kutengeneza silaha bila leseni. Nikamwambia, fundi, iko ng'ambo, nataka akili yako tu. Akacheka, akanivutia stuli.

Akachukua silinda iliyochakaa. Pikipiki ikianza kula oili na kutoa moshi wa buluu, alisema, ujue ukuta umelika. Unaupanua, unashindilia slivu mpya ndani, unaichonga ikae sawa na pistoni. Nje inabaki silinda ileile.

Nilisoma baadaye nikaona hakukosea. Mtutu mkuukuu nao hutobolewa ukatiwa bomba jembamba lenye mifereji mipya. Ila bomba hilo lazima lihimili mlipuko ulio karibu na uso wa mtu, kwa hiyo si kazi ya kubahatisha.

Kisha fundi akaivuta picha kubwa. "Lakini hii ilishatengenezwa. Ona, ina miaka miwili."

Ubavu wa kulia uliandikwa 1886. Wa kushoto, herufi M.E. na 1897. Ilizaliwa Martini-Henry, ya risasi ya inchi 0.45 na baruti nyeusi. Ilipokuja kodaiti, baruti isiyo na moshi mwingi, Waingereza waling'oa mitutu ya zamani wakafunga ya inchi 0.303. Kwanza walitumia ya Metford, lakini mifereji yake haikuwa na kina na joto la kodaiti likaila upesi. Mwaka 1895 wakaja na ya Enfield, mifereji mitano yenye kina zaidi. Bunduki iliyobadilishwa iligongwa alama upya.

Nikamwandikia binamu: mpelekee fundi mwenye leseni aupime, atie bomba akiona linafaa, ila asiguse maandishi ya ubavuni.

Maandishi hayo ndiyo yaliyoniuma. Chombo alichobeba mzee wetu kilipochakaa, serikali ilikitengeneza na kuandika mwaka. Mwenye kukibeba je? Kibera, msitu kwa Kinubi, ilitengwa rasmi 1918, ekari zaidi ya 4,000, kwa askari Wanubi na familia zao. Walipewa ruhusa ya kukaa, hati hawakupewa. Serikali ya kikoloni iliwahesabu wapangaji wake tu. Ardhi ikamegwa miaka nenda miaka rudi, ikajengwa mitaa kama Ayany na Olympic, na wazee wakazikwa mmoja mmoja wakiwa na medali bila karatasi ya kiwanja.

Hati ilitoka Juni 2017, ya jamii nzima, ekari 288. Bunduki ilingoja miaka kumi na moja kupata alama yake ya pili. Sisi tulingoja tisini na tisa kupata ya kwanza.

Siku ile nilipompigia mama kumpa habari, hakuuliza ni ekari ngapi. Aliuliza, "Wameandika jina gani?"

Nikamwambia, la jamii.

Akanyamaza kidogo. "Basi hata babu yumo."