Barua kutoka London: Namba Zilizochongwa Kando ya Lebo



Huku London wapo wanunuzi wa santuri kuukuu ambao, kabla ya kuuliza bei, huielekeza sahani kwenye mwanga na kusoma ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo, ambako kiwanda kilichonga herufi na namba ndogo. Wengi huwaona kama watu waliopofushwa na mali. Mimi nashikilia kwamba ujuzi wao ni ujuzi wa nyaraka, na kwamba sisi wa nyumbani, Afrika Mashariki, tunauhitaji kuwazidi wao.

Chukueni albamu ya kwanza ya Beatles, Please Please Me, iliyotolewa na Parlophone Machi 1963. Nakala za mwanzo zina lebo nyeusi yenye maandishi ya dhahabu; baadaye mwaka huohuo maandishi yakawa ya manjano. Hata hizo za dhahabu hazilingani: katika zile za awali kabisa, baadhi ya nyimbo za Lennon na McCartney zina jina la kampuni ya Dick James kama mwenye haki, kisha likaja jina la Northern Songs. Lakini lebo ni karatasi tu. Ushahidi mzito umo kwenye plastiki yenyewe. Sahani ya laka iliyokatwa studio ilizaa bamba la chuma, bamba likazaa “mama”, naye mama akazaa mihuri ya kugandamizia plastiki ya moto. Muhuri ukichakaa, unawekwa mwingine. EMI, kampuni iliyomiliki Parlophone, katika kiwanda chake cha Hayes, magharibi mwa London, iliihesabu mihuri hiyo kwa herufi za GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, mpaka D ambayo ni 0. Kwa hiyo nakala yenye RA imetoka kwenye muhuri wa 23. Herufi hizo zinatokana na jina la Gramophone Company, kampuni ileile ambayo kwa lebo yake ya HMV ilimrekodi mwimbaji Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, kabla haijaungana na Columbia mwaka 1931 na kuzaa EMI.

Kuna watakaosema kwamba kutangulia si kusikika vizuri. Ni kweli. Nakala ya muhuri wa kwanza iliyokwanguliwa na sindano nzito itashindwa na ya muhuri wa ishirini iliyotunzwa. Isitoshe, lebo za zamani zingeweza kubandikwa kwenye sahani za muhuri mpya, mradi zimo ghalani. Ndiyo maana alama moja haitoshi: lebo, namba na jalada lazima vikubaliane, na visipokubaliana mtu atafute sababu. Hiyo ni kazi ya mwanahistoria, hata kama anayeifanya ana nia ya kuuza.

Sasa, Beatles wameandikiwa vitabu chungu nzima. Santuri zetu nyingi zilizotoka Nairobi miaka ya 1960 na 1970 hazina bahati hiyo. Mara nyingi shahidi aliyebaki ni sahani yenyewe. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki Januari 1979, nyimbo zake zilikusanywa upya kwenye albamu za ukumbusho. Mkusanyo hauwezi kukuambia ni wimbo upi ulitangulia. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika inaweza kukusaidia, kwa kuwa namba yake ya orodha inaiweka kati ya wenzake, na mara nyingi ndiyo inayoonyesha jinsi wimbo mrefu ulivyokatwa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba lebo husema uongo. Mzozo juu ya nani aliyetunga wimbo wa “Malaika”, Fadhili William au Adam Salim, hauwezi kuamuliwa na jina lililochapwa chini ya wimbo, kwa sababu jina hilo linaonyesha kampuni ilimtambua nani, basi. Nakubali. Ila hata hilo ni jambo la kujua: kampuni ipi, katika toleo lipi, ilimtambua nani, na je, jina lilibadilika toleo lililofuata? Anayedai haki ya marehemu baba yake atahitaji majibu hayo. Na wimbo uliowekwa kwenye intaneti, ambao mara nyingi tunaambiwa unatosha, hauna namba hizo asipokuwepo aliyezipiga picha.

Sipingi kuuza, fedha zina kazi nyumbani. Lakini kabla sanduku la mzee halijaondoka Tanga au Mombasa, piga picha lebo za pande zote mbili, inamisha sahani upate namba za kuchongwa, na unakili muhuri wa duka ulio kwenye jalada. Simu uliyonayo inatosha.